Mkaa Umejaa, Sufuria Haichemki: Mwongozo wa Jiko la Mkaa Mjini Juba

Katika nyumba nyingi za Juba, tangu Munuki na Gudele hadi Gumbo ng'ambo ya mto, chakula cha kila siku hupikwa kwa mkaa. Wapo wanaotumia gesi inayoletwa kwa malori, na umeme umefika katika baadhi ya mitaa, lakini sufuria ya maharage, chai ya asubuhi na maji ya kumwogesha mtoto bado hutegemea jiko la mkaa, ambalo wenyeji huliita kanun. Jiko hilo likipungukiwa nguvu, nyumba nzima huona. Chai inachelewa, ugali hauivi vizuri, na gunia lililokuwa likitosha mwezi linaisha kabla ya wakati wake.

Wengi wetu tukiona hivyo huongeza mkaa. Mkaa ukiongezwa na hali ikabaki ileile, analaumiwa muuzaji. Muuzaji akibadilishwa, linalaumiwa jiko na linanunuliwa jipya. Pesa imetoka mara tatu na chanzo bado hakijajulikana. Mwongozo huu unakupa mpangilio mwingine: anza na ukaguzi usio na gharama, kisha uende taratibu hadi kwenye ule unaohitaji fundi au ununuzi.

Udhaifu wa jiko una vyanzo vitatu vikuu. Ama hewa haipiti, ama mkaa wenyewe hauna joto la kutosha, ama joto linatoka vizuri lakini linapotea kabla ya kufika kwenye chakula. Kazi yako ni kujua lako ni lipi.

Pima kwanza, tena kwa maji

Usipime nguvu ya jiko kwa maharage. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu, hasa kwenye joto na unyevu kama wa huku, huwa magumu na yanaweza kukataa kuiva hata juu ya moto mkali. Pima kwa maji, maana maji hayana ukaidi wa namna hiyo.

Chukua sufuria unayoitumia kila siku, tia lita 2 za maji, funika. Washa jiko kwa kiasi cha mkaa unachotumia siku zote, subiri hadi vipande vya juu viwe vyekundu, ndipo uteleke. Tazama saa. Jiko la kawaida la nyumbani, lenye mkaa mkavu na hewa nzuri, huchemsha maji hayo kwa takriban dakika 15 hadi 20. Nusu saa ikipita na maji bado yanasuasua, jiko lako ni dhaifu kweli. Yakichemka ndani ya muda huo, kosa liko kwenye chakula: loweka maharage usiku kucha na uulize sokoni ni ya msimu gani.

Andika muda ulioupata. Kila ukirekebisha jambo moja, pima tena kwa sufuria ileile na kiasi kilekile cha maji. Ukibadilisha mambo matatu kwa siku moja na jiko likapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Kama umehamia Juba kutoka Nairobi, kuna jambo moja ambalo huwezi kulisingizia, nalo ni mahali. Juba iko mita 550 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka karibu nyuzi 98 za Selsiasi. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, maji huchemka karibu nyuzi 94 au 95. Chakula kinachochemka Juba kinapata joto kubwa zaidi, kwa hiyo kilitakiwa kuiva mapema kuliko Nairobi. Kikichelewa, sababu iko jikoni kwako.

Hewa: ukaguzi usiogharimu kitu

Hewa huingia mlango wa chini wa jiko, hupanda kupitia matundu, hupenya katikati ya vipande vya mkaa na kutokea juu ikiwa na joto. Ikizibwa mahali popote katika safari hiyo, moto unalala. Fanya ukaguzi huu jiko likiwa baridi.

1. *Toa jivu lote.* Jivu likijaa chini ya matundu, hewa haina pa kuingilia. Hili ndilo kosa jepesi kuliko yote, na ndilo linalosahaulika. Toa jivu kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kwa mama anayeuza chai kuanzia alfajiri hadi jioni, mara moja haitoshi: alitoe tena katikati ya siku.

2. *Chungulia matundu.* Inua jiko ulielekeze kwenye mwanga na utazame kutoka juu. Kila tundu lionekane wazi. Mara nyingi utakuta mawe madogo, misumari, au jivu lililoyeyuka likagandamana kuwa donge gumu. Zibua kwa kijiti au msumari mrefu, bila kugonga, kwa sababu sahani ya udongo hupasuka.

3. *Fungua mlango wa hewa wote wakati wa kuwasha na kuchemsha.* Majiko mengi ya bati yana kimlango kinachofungwa na kufunguliwa. Kikipata kutu hukwama katikati, na mpishi huzoea kuwa ndivyo kilivyo. Kinyooshe, au kama hakinyooki, king'oe kabisa. Kupunguza moto unaweza kwa kipande cha bati.

4. *Angalia ukubwa wa vipande.* Vipande vya ukubwa wa yai la kuku hadi ngumi ya mtoto ndivyo vinavyofaa jiko la nyumbani. Vikubwa zaidi vinaacha mapengo na kuchelewa kushika, vipasue. Chenga na vumbi huziba njia ya hewa hata kama mkaa ni mzuri, kwa hiyo usimimine mkaa moja kwa moja kutoka guniani. Chota kwa mkono, uache vumbi chini.

5. *Usijaze kupita kiasi.* Mkaa ukigusa kitako cha sufuria, hewa ya moto haina pa kutokea, na moto hujizima wenyewe. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya mkaa na sufuria.

Ukimaliza, tumia kipepeo kama kipimo. Pepea kwa dakika moja mbele ya mlango wa chini. Moto ukichangamka, kisha ukalala tena mara unapoacha, hewa bado imezibwa mahali. Ukipepea hadi mkono uchoke na moto usibadilike, acha kutafuta kosa kwenye hewa. Nenda kwenye mkaa.

Kwa kuwasha haraka kuna mbinu rahisi ya mkebe. Chukua mkebe mkubwa wa maziwa ya unga au wa mafuta, kata kitako na mfuniko ubaki bomba tupu. Panga mkaa kidogo jikoni, washa kwa nyasi kavu au vibanzi vya mbao, kisha usimamishe mkebe juu yake. Hewa ya moto hupanda kwa kasi ndani ya mkebe na kuvuta hewa nyingine kutoka chini, na mkaa hushika bila kupepewa. Uondoe kwa koleo, maana hupata moto kabisa. Mifuko ya plastiki na vipande vya tairi, ambavyo wengi huvitumia kuwashia, vitupe. Moshi wake ni sumu kwa anayepika na kwa mtoto aliye mgongoni, na masizi yake huganda kwenye matundu uliyotoka kuyazibua.

Mkaa: unanunua joto au unanunua maji?

Msimu wa mvua Juba huanza karibu Aprili na kuendelea hadi Oktoba. Katika miezi hiyo magunia husafiri juu ya malori kutoka barabara za Torit, Yei, Bor na Nimule, mengine bila turubai, kisha hushushwa sokoni juu ya ardhi yenye matope. Mkaa una vitundu vingi vidogo, nao hunywa maji ya mvua, ya ardhini, hata unyevu wa hewani.

Hasara yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji joto linalozidi mara 8 lile la kuchemsha lita moja ya maji kwenye sufuria. Maana yake, kama gunia lako limebeba lita 3 za maji, joto litakalopotea kuyakausha lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 24 za maji. Joto hilo unalilipia na haliigusi sufuria yako.

Mkaa wenye maji una dalili zake. Huwa mzito mkononi kuliko ukubwa wake. Hutoa mvuke mweupe mwanzoni, huruka cheche na kupasuka-pasuka, na huchelewa sana kuwa mwekundu. Ukitaka uhakika, gawa mkaa wa gunia lilelile mafungu mawili. Moja lianike juani kutwa nzima, jingine liache lilivyo. Siku ya pili pima kila fungu kwa lita 2 za maji. Tofauti ikiwa kubwa, umeshapata jibu, na dawa yake ni jua tu.

Kosa la pili ni mkaa usioiva. Huu ulitolewa kwenye tanuru kabla kuni hazijageuka kuwa mkaa sawasawa. Ukivunja kipande, ndani utaona rangi ya kahawia badala ya nyeusi inayong'aa. Hutoa moshi unaochoma macho na miali ya manjano, kisha huisha upesi. Mkaa ulioiva ukigongana hulia kwa sauti kali, kama vigae; usioiva na wenye maji hutoa sauti nzito isiyolia. Gonga vipande kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kosa la tatu ni mkaa mwepesi. Mkaa wa miti migumu, kama migunga, hukaa na moto muda mrefu. Ule wa miti laini, na hata wa mwembe, hushika haraka, huwaka kwa bidii kidogo, kisha huwa jivu. Hapa ndipo kipimo cha sokoni kinapomponza mnunuzi. Mkaa Juba huuzwa kwa gunia, kwa debe au kwa fungu, wala hauwekwi kwenye mizani. Magunia mawili yenye ujazo sawa yanaweza kutofautiana sana kwa uzito na kwa joto. Inua yote mawili. Yakiwa makavu sawa, chukua lililo zito. Msimu wa mvua kipimo hiki hudanganya, kwa sababu uzito unaweza kuwa wa maji. Hapo rudi kwenye sauti na rangi.

Mwisho, angalia kitako cha gunia. Vipande vinono huwekwa mdomoni, vumbi na chenga hukaa chini. Ukinunua kwa debe, omba lichotwe kutoka katikati. Ukishafika nyumbani na gunia, liweke juu ya mbao au mawe ili lisiguse ardhi, chini ya paa, na ulifunike usiku. Kila siku tenga mkaa wa kesho, uuanike mchana au uuweke kando ya jiko linalowaka. Kando, si juu yake, na mtu awe karibu. Mkaa ulionunuliwa ukiwa bado na uvuguvugu usiuingize ndani ya nyumba usiku wa kwanza. Gunia linaweza kuwa limebeba cheche.

Vumbi linalobaki usilitupe. Lichanganye na uji mzito wa wanga wa muhogo, ufinyange matonge ya ukubwa wa yai, uyaanike juani siku kadhaa hadi yawe makavu hadi ndani. Baadhi ya watu hutumia udongo badala ya wanga. Udongo kidogo husaidia matonge yashikamane na yaungue polepole, lakini ukizidi, utapata matonge ya jivu yasiyo na joto. Matonge hayo yanafaa kwa kuivisha polepole. Kuchemsha haraka uachie mkaa wa vipande.

Jiko lenyewe: ufa mdogo, hasara kubwa

Kama hewa inapita na mkaa ni mkavu, geukia jiko. Masoko ya Juba, kama Konyo Konyo na Custom, yana majiko ya aina mbili kubwa. Lipo la bati tupu, linalotengenezwa na mafundi hapahapa, na lipo la bati lenye udongo uliochomwa ndani yake. Hili la pili lina historia Afrika Mashariki. Lilibuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga majiko ya ndoo ya Thailand, likapewa umbo jembamba kiunoni ili lisipinduke wakati wa kusonga ugali, kisha likaenea Uganda, Tanzania na kwingineko.

Tofauti yao iko kwenye joto linalofika kwenye sufuria. Kwa makadirio ya kawaida, kati ya sehemu 10 za joto la mkaa, jiko la bati tupu hufikisha kama 2, na lenye udongo mzima hufikisha kama 3. Kwa hesabu hiyo, kazi iliyohitaji magunia matatu hufanywa kwa mawili. Lakini faida hiyo inategemea udongo. Ukipasuka na kubanduka, umebaki na jiko la bati lililo zito kulibeba.

Kagua hivi:

*Gonga udongo kwa ukucha au kijiti.* Ukilia kwa sauti safi, ni mzima. Ukitoa sauti iliyopasuka, kuna ufa hata kama huuoni. Fanya hivyo pia unaponunua jiko jipya, maana mengi huja Juba juu ya malori na yanaweza kufika yameshapata nyufa za safari.

*Tazama nafasi kati ya udongo na bati.* Hapo huwekwa saruji au mchanganyiko unaozuia joto lisitoke. Ukimomonyoka, udongo hucheza, na bati la nje huwa la moto mno. Pitisha mkono karibu na ubavu wa jiko bila kuligusa. Ubavu ukichoma mkono wakati sufuria haichemki, joto linatokea hapo.

*Tazama matundu.* Matundu yaliyoliwa na moto hadi yakaungana huangusha makaa mekundu chini kwenye jivu, ambako yanaungua bila faida. Ukikuta makaa mengi yaliyo hai unapotoa jivu, sahani ya matundu imekwisha.

*Tazama vishikio vya sufuria juu ya mdomo.* Vikiinama au kukatika, sufuria hukaa juu ya udongo moja kwa moja na kuufunga mdomo wa jiko. Moto hukosa pumzi.

Ufa mwembamba usioachana unaweza kuuziba mwenyewe. Tafuta udongo wa kichuguu, uponde, uchekeche, uchanganye na jivu lililochekechwa na maji kidogo hadi uwe kama unga wa chapati. Lowesha ufa, shindilia udongo ndani, lainisha kwa kidole chenye maji. Uache ukauke kivulini siku mbili au tatu, kisha uwashe moto mdogo tu kwa mara ya kwanza. Sahani ya matundu iliyovunjika, au udongo uliobanduka kabisa, mpelekee fundi. Wapo wanaobadilisha udongo wa ndani na kukuachia bati lako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni bei ya jiko jipya.

Kinachoua udongo haraka kuliko vyote ni maji. Usizime jiko kwa kulimwagia maji. Udongo wa moto ukipata maji ya baridi hupasuka papo hapo, na makaa uliyotaka kuyatumia kesho yamelowa. Yaondoe kwa koleo, uyatie kwenye mkebe au sufuria kuukuu yenye mfuniko unaobana. Yakikosa hewa yatazima, na asubuhi yatakuwa ya kwanza kushika moto.

Joto linalotoka lakini halifiki

Wakati mwingine jiko linafanya kazi yake yote, na joto linachukuliwa na upepo. Wanaopika nje, uani au kando ya barabara, wanalijua hili wakati wa kiangazi. Kinga jiko pande tatu kwa matofali, mabati au ukuta, na uuache wazi upande wa mlango wa hewa. Kinga isibane jiko, na isiwe ya makuti au majani. Palipo na nyumba za nyasi, cheche moja ya kipepeo wakati wa upepo inaweza kuchukua mtaa mzima.

Sufuria nayo ina neno lake. Iliyo pana kidogo kuliko mdomo wa jiko, yenye kitako bapa, hupokea joto vizuri. Ndogo kuliko mdomo huacha joto lipite pembeni. Kubwa mno, kama ile ya watu ishirini juu ya jiko la watu watano, haitachemka vizuri hata ukijaza mkaa, kwa sababu eneo linalowaka ni dogo. Hapo jiko halina ugonjwa wowote. Unahitaji jiko kubwa.

Funika. Mvuke unaotoka kwenye sufuria iliyo wazi hubeba joto jingi sana, kama hesabu ya maji kwenye mkaa ilivyoonyesha. Na chakula kikishachemka, punguza hewa kwa kufunga mlango nusu. Maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi ya yale yanayochemka taratibu. Yanakula mkaa tu na kukauka. Wapishi wengi huona moto wao haufiki mwisho wa upishi kwa sababu waliumaliza katikati.

Jambo dogo la mwisho hapa: makaa yakishawaka muda, hujifunika jivu jeupe linalozuia joto lisipande. Yatikise kwa koleo kila baada ya muda. Utaona wekundu ukirudi bila kuongeza kipande kimoja.

Kama jiko lako ni la peleti

Yako majiko ya kisasa yanayotumia peleti, yaani vijiti vifupi vilivyoshindiliwa kutokana na vumbi la mbao au mabaki ya mazao. Huko Gisenyi, Rwanda, kampuni ya Inyenyeri ilijaribu kuyaeneza majumbani kwa kuuza peleti na kutoa majiko yenye feni ndogo ndani. Kilo moja ya peleti ina joto kama megajuli 17, na ya mkaa mkavu kama 30, kwa hiyo usishangae ukitumia uzito mkubwa zaidi. Lakini jiko la feni lililo zima huufidia upungufu huo kwa kuunguza karibu kila kitu, hata moshi.

Likikosa nguvu, fuata mpangilio uleule. Chaji betri kwanza, maana feni inayozunguka kwa uvivu ndiyo chanzo cha kawaida. Zibua matundu yaliyozunguka mdomo wa ndani kwa juu. Hayo ndiyo yanayounguza moshi, na yakiziba utauona moshi badala ya mwali. Ondoa madonge ya jivu yaliyogandamana chini. Kisha vunja peleti moja: nzuri hung'aa na kukatika kwa kishindo. Iliyopata unyevu hufura na kumeng'enyeka, nayo haitengenezeki tena hata ukiianika. Chekecha vumbi lililo chini ya mfuko, jaza hadi alama iliyowekwa, na uwashe kutoka juu.

Usilipeleke jiko dhaifu ndani

Mvua ikinyesha, watu huingiza jiko ndani. Jiko lenye hewa ndogo ndilo hatari zaidi, kwa sababu mkaa unaoungua kwa kukosa hewa hutoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na mkaa uliowaka vizuri bila moshi huitoa pia. Ndimi za buluu unazoziona juu ya makaa ni gesi hiyo ikiungua, isipoungua, unaivuta.

Pika barazani au chini ya kipaa cha jikoni kilicho wazi. Ukilazimika kupika ndani, fungua mlango na dirisha linalotazamana nao. Usilale na jiko chumbani hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Mtu akilalamikia kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoe nje kwanza kwenye hewa safi, ndipo utafute usafiri wa hospitali. Akiwa amezimia, usisubiri azinduke.

Dalili na dawa kwa ufupi

- Moto unachangamka ukipepea, unalala ukiacha: toa jivu, zibua matundu, fungua mlango.
- Mvuke mweupe, cheche na milipuko: mkaa una maji, anika.
- Moshi unaochoma macho na mwali wa manjano: mkaa haujaiva, badilisha muuzaji.
- Moto mkali mwanzoni, unaisha upesi: mkaa ni mwepesi, au mlango wa hewa uko wazi muda wote.
- Makaa mekundu kwenye jivu: sahani ya matundu imekwisha.
- Ubavu wa jiko unachoma, sufuria ni ya vuguvugu: udongo umepasuka au umeachana na bati.
- Maji yanachemka kwa muda wake, chakula hakiivi: loweka maharage, na ufunike sufuria.

Nunua jiko jipya pale tu udongo unapokuwa umevunjika vipande na fundi hawezi kuubadilisha, bati la kitako limeoza, au familia imekua kuliko jiko. Ukilinunua, chagua lenye udongo, uligonge kabla ya kulipa, na siku ya kwanza uliwashe kwa moto mdogo. Kwa sababu nyingine zote zilizotajwa hapa, hifadhi pesa yako. Toa jivu, anika mkaa, funika sufuria, kisha upime tena kwa lita zako 2 za maji kabla ya kwenda sokoni.